Kiingereza cha Siri cha Mastaa: Anayefichwa ni Nani?

Wiki hii mjini hakuna klipu iliyozunguka kama ile ya staa mmoja wa Bongo Fleva na mchumba wake wakiwa laivu sebuleni kwao. Majina yanahifadhiwa, ila kila mwenye bando anawajua. Sofa nyeupe, taa za rangi, mashabiki wanatuma mioyo na maua, mambo yanaenda fresh kabisa. Mara dada wa kazi anaingia na sinia. Anaweka glasi moja ya juisi, anarudi jikoni, anakuja na ya pili. Bibie anaisogelea kamera, anabana sauti na kusema: "Eshay isway owslay." Jamaa anajibu: "Eryvay owslay." Wanacheka wote wawili mpaka simu inatikisika. Dada naye anatabasamu, kwa sababu wenye nyumba wanacheka, halafu anauliza kama aongeze barafu.

Hazikupita dakika tano, mtu mmoja kwenye komenti akaifungua siri yote: "She is slow. Very slow." Yaani huyu dada ni mzito, mzito sana. Na hapo ndipo povu lilipoanza. Timu moja inasema ni utani wa wapenzi, watu waache roho mbaya. Timu nyingine inasema ni dharau. Kuna na timu ya tatu, ile isiyokosekana, inayouliza juisi ilikuwa ya nini.

Ukweli ni kwamba michezo hii ya kuvurugavuruga Kiingereza haina ubaya wowote yenyewe kama yenyewe. Ni mitamu, ina historia ndefu, na imewahi kuwaokoa watu kwenye mambo mazito. Tatizo la klipu ile ni kwamba wahusika waliushika mchezo kwa upande usio wake. Ili kuelewa hilo, inabidi kwanza mchezo wenyewe ueleweke.

Walichoongea wale wawili kinaitwa Pig Latin. Haina uhusiano wowote na Kilatini, ni jina la masihara tu. Kanuni yake mtoto wa darasa la pili anaishika: chukua sauti ya konsonanti iliyo mwanzoni mwa neno la Kiingereza, ipeleke mwisho, halafu bandika "ay". Kwa hiyo "pig" inakuwa "igpay", na "slow" inakuwa "owslay". Neno likianza na irabu, linaachwa lilivyo na kubandikwa "way" mwishoni, ndiyo maana "is" ikawa "isway". Basi. Hakuna kingine cha kujifunza.

Watoto wa Marekani wameucheza mchezo huu vizazi na vizazi, na Hollywood ikaubeba mapema. Kwenye filamu ya Gold Diggers of 1933, Ginger Rogers anaimba kipande kizima cha wimbo kwa Pig Latin huku kamera imemganda usoni. Mdogo wake Pig Latin anaitwa Ubbi Dubbi, ambaye alipata umaarufu miaka ya 1970 kupitia Zoom, kipindi cha watoto kilichotengenezwa kwenye kituo cha televisheni cha umma cha Boston. Huyo kanuni yake ni kuingiza "ub" kabla ya kila sauti ya irabu, kwa hiyo "hello" inakuwa "hubellubo". Mtoto aliyezoea anaitiririsha hiyo kwa kasi mpaka mzazi anabaki ameduwaa.

Muziki nao haukubaki nyuma. Mwaka 1981 Frankie Smith wa Philadelphia alitoa Double Dutch Bus, wimbo ambao maneno yake kibao yamepachikwa "iz" katikati, kama wasichana wa mtaani walivyokuwa wakiongea wakiruka kamba. Mwaka 2002 Missy Elliott akauchota kwenye Gossip Folks. Miaka hiyohiyo Snoop Dogg alikuwa ameiteka dunia na mwisho wake wa "izzle", mpaka kipindi chake cha MTV kikaitwa Doggy Fizzle Televizzle. Kisha mwaka 2005 akatokea kwenye tangazo la magari ya Chrysler na Lee Iacocca, mzee wa miaka themanini aliyewahi kuwa bosi mkuu wa kampuni hiyo. Siri ya mtaani ikifika kwenye tangazo la gari, hiyo siyo siri tena. Watoto wa mtaa walikuwa wameshahama kitambo.

Mpaka hapo ni burudani tupu. Lakini mizizi ya michezo hii imeota sehemu ambazo watu hawakuwa wanacheka sana.

Turudi London, katikati ya karne ya 19. Kulikuwa na wamachinga wa enzi hizo, watu waliouza samaki, mboga na matunda barabarani kwa mikokoteni. Mwandishi wa habari Henry Mayhew aliwafuata mtaani, akawasikiliza, akaandika habari zao kwenye London Labour and the London Poor, kitabu kilichotoka mwaka 1851. Aligundua kwamba wana lugha yao ya kugeuza maneno ya Kiingereza nyuma mbele. "Penny" kwao ilikuwa "yenep". Chombo cha bia, yaani "pot of beer", kilikuwa "top o' reeb". "Boy" ikawa "yob", na neno hilo lipo kwenye kamusi za Kiingereza hadi leo, likimaanisha kijana mkorofi. Polisi je? "Police" iligeuzwa ikawa "esclop", ulimi ukaichosha mpaka ikabaki "slop".

Sababu ya polisi kuwa na jina lake haihitaji profesa. Mchuuzi wa barabarani na askari walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Askari alikuwa na uwezo wa kumfukuza mchuuzi mahali alipopatia mkate wake. Mchuuzi alikuwa na mdomo tu. Machinga yeyote wa Kariakoo aliyewahi kusikia mwenzake akipiga mluzi wa "wamekuja" kabla gari la mgambo halijakunja kona, anaielewa "esclop" bila mkalimani. Kweli, wachuuzi wale waliitumia pia kuficha bei zao mbele ya watu wa nje, hawakuwa malaika. Lakini aliyekuwa akifichwa zaidi ni yule mwenye rungu.

Mfano mwingine ni mzito zaidi. England, kabla ya mwaka 1967, mapenzi kati ya wanaume yalikuwa kosa la jinai, na watu walifungwa kweli. Kati yao ikakua lugha iliyoitwa Polari, mchanganyiko wa maneno ya Kiitaliano, ya mabaharia, ya watu wa maigizo, na Kiingereza kilichogeuzwa. "Hair" iligeuzwa ikawa "riah". "Face" ikawa "ecaf", halafu ikakatwa ikabaki "eek". Mtu angeweza kutupia neno moja mbele ya mgeni, akaangalia kama litadakwa. Likidakwa, yuko salama. Lisipodakwa, basi, hakuna aliyesema kitu. Hapo lugha ya mchezo ilikuwa ndiyo tofauti kati ya kulala nyumbani na kulala ndani. Cha kushangaza, kati ya mwaka 1965 na 1968 BBC ilikuwa inarusha redioni kichekesho cha Round the Horne, ambamo wahusika wawili, Julian na Sandy, waliibwaga Polari hewani mbele ya taifa zima. Taifa likajifunza, siri ikapungua nguvu, na sheria ilipobadilika mwaka 1967, haja yenyewe ikapungua pia.

Ukitazama mifano hiyo miwili, mnyonge ndiye aliyejificha, na aliyefichwa ni mwenye nguvu. Mchezo ulikuwa ngao.

Sasa geuza upande wa pili. Wauza nyama wa London, na baadaye wa Melbourne kule Australia, nao walikuwa na lugha ya kugeuza. Waliita "rechtub klat", ambayo ni "butcher talk" iliyopinduliwa. Kazi yake? Kumjadili mteja akiwa amesimama palepale kaunta, pesa mkononi, akidhani wanaongelea hali ya hewa. Wafanyakazi wa viwanja vya michezo ya kubahatisha na maonyesho ya kuhamahama ya Marekani walikuwa na ya kwao, ya kupachika sauti katikati ya maneno, na walioachwa nje mara nyingi walikuwa wateja wanaokaribia kupigwa. Kanuni zinafanana, utamu wa ulimi unafanana, ila hapa ngao imegeuka kuwa panga. Anayefichwa ni yule ambaye tayari hajui kinachoendelea.

Kwa hiyo swali la kuipima klipu ile ni moja tu: anayefichwa ni nani? Askari, au dada wa kazi?

Na kuna jambo moja ambalo timu ya "ni utani tu" inalipita haraka sana. Kwa yule mtoto wa Boston au mchuuzi wa London, Kiingereza kilikuwa cha kila mtu. Mchezo uliwekwa juu ya lugha ambayo wote walikuwa nayo, hivyo aliyeachwa nje alikosa kanuni tu, na kanuni inapatikana. Mtu akisikiliza Pig Latin kwa makini mchana mmoja, jioni anaiongea. Hata kwenye katuni ya The Lion King ya mwaka 1994, ile yenye akina Simba na Rafiki, Zazu anajaribu kumtahadharisha Simba kwa Pig Latin asiwaite fisi wajinga mbele yao, na fisi anaidaka palepale na kuja juu. Fisi alijua Kiingereza, kwa hiyo alikuwa na pa kuanzia.

Sebule za Dar na Nairobi ni habari nyingine. Hapa Kiingereza chenyewe ni kufuli. Kuna waliopewa ufunguo wake tangu chekechea ya inglishi midiamu, na kuna ambao hawakuupata, siyo kwa uvivu, ni kwa sababu shule ilikuwa na walimu wachache, au ada iliisha, au waliletwa mjini kufanya kazi umri ambao wenzao walikuwa madarasani. Wapenzi wale wangeongea Kiingereza cha kawaida tu, dada huenda asingeelewa. Pig Latin ikawa kufuli la pili juu ya mlango ambao alishafungiwa zamani. Sasa la pili lilikuwa la nini? Halikuwa kwa ajili yake. Lilikuwa kwa ajili ya kamera, ili mashabiki wapate raha ya kufungua. Maelfu ya watu walialikwa kwenye utani, na mtu mmoja aliyekuwa chumbani ndiye akawa utani wenyewe.

Hili haliishii kwa mastaa. Nyumba nyingi za mjini zina toleo lake. Kuna wazazi wanaotaja maneno kwa herufi ili mtoto asijue kuna aiskrimu kwenye friji, na hiyo ni raha ya familia, kwa sababu mtoto akijifunza kusoma tu, mchezo umekwisha, na siku anayoidaka "ice cream" kwa herufi ndiyo siku wazazi wanajivunia. Ila kuna wanaotumia ujanja uleule kuongelea mshahara wa dada, au kumshuku kwamba ameiba sukari, naye yuko hatua mbili kutoka mezani akipanguza vyombo. Wanaamini hajui. Mtu anajua anaposemwa. Hajui maneno, lakini anajua macho, anajua jina lake likikwepwa, anajua kicheko kinachokatika akigeuka.

Cha kuchekesha zaidi, dada huyohuyo akipigiwa simu na mama yake na kuanza kuongea lugha ya kwao, mwenye nyumba anabadilika rangi. "Unamwambia nani nini? Ongea Kiswahili humu ndani!" Yaani bosi ana haki ya lugha mbili na kanuni ya siri juu yake, dada hana haki ya lugha ya mama yake. Hapo ndipo unapoona kwamba suala halijawahi kuwa michezo ya maneno. Ni nani anaruhusiwa kuwa na siri.

Watetezi wa wapenzi wale wana hoja moja ambayo haifai kupuuzwa. Wapenzi wana haki ya kuwa na lugha yao. Kila uhusiano mtamu una maneno ambayo ukiyatoa nje hayana maana. Ni kweli, na heri yao. Lakini lugha ya wapenzi huongelea wapenzi. Ikianza kumwongelea mtu wa tatu aliyesimama hapo na sinia mkononi, imeshatoka kwenye mapenzi imeingia kwenye kusengenya, na tofauti na msengenyaji wa kawaida, huyu hajahangaika hata kusubiri mtu aondoke.

Kuna pia wanaosema kizazi hiki kizima kinaongea kwa mafumbo mtandaoni, iweje wanyooshewe vidole wawili tu. Ni kweli vijana wamerudi kwenye mchezo kwa nguvu, na safari hii anayefichwa ni mashine. Kwa hofu ya video kushushwa, kwa Kiingereza watu wanaandika "seggs" badala ya "sex", na "unalive" badala ya kusema mtu amekufa au amejiua. Mtu mdogo dhidi ya algoridhimu ya kampuni kubwa, hiyo inafanana na mchuuzi dhidi ya "esclop". Lakini hata ngao hiyo ina pa kukatia. Mwaka 2024 jumba la makumbusho la muziki na utamaduni pop huko Seattle liliweka bango lililoeleza kifo cha Kurt Cobain kwa neno hilo la "un-alive", na watu wakachukia, kwa sababu pale hapakuwa na mashine ya kukwepa. Palikuwa na kifo cha mtu. Na kijana akimwandikia rafiki yake neno hilo usiku wa manane, halafu mama akaliona kwenye simu asubuhi na kudhani ni msemo wa gemu, aliyefichwa siyo algoridhimu tena. Ni mtu pekee ambaye angegonga mlango. Neno la siri halijui lenyewe linamficha nani. Anayelitumia ndiye wa kujua, na akili hiyo inabidi itembee na mchezo muda wote.

Kwa hiyo mchezo usiuliwe. Watoto wafundishwe Pig Latin kwenye gari wakienda shule, itawanolea masikio na Kiingereza chao kitakaa vizuri. Marafiki watunge ya kwao. Wasanii waipachike kwenye nyimbo. Nairobi wameshafanya hivyo zamani: "story" ya Kiingereza iliingia ikawa "stori", Sheng ikaipindua ikawa "risto", na leo hata mtoto anaomba risto. Hiyo ndiyo raha yake, mtu mpya akifika anafundishwa, anakuwa mmoja wao.

Na pengine wapenzi wale wangeanza kwa kumfundisha yule dada. Ingewachukua muda wa glasi moja ya juisi. Asiyejua Kiingereza anaweza kuanzia nyumbani, kwenye kinyume, mchezo ambao watu wa pwani waliucheza zamani kabla simu hazijazaliwa: silabi ya mwisho inakuja mbele. "Pesa" inakuwa "sape". "Kazi" inakuwa "zika". "Juisi" inakuwa "sijui", na hapo wangecheka watatu.

Halafu wajaribu kumficha yeye mwenyewe kwa kinyume. "Mama" ukiigeuza inabaki "mama". "Kaka" inabaki "kaka". Na "dada", hata waipindue mara ngapi, inatoka "dada", naye anasikia kwamba ametajwa.

Wadau, nyumbani kwenu anafichwa nani? Uwanja wa komenti uko wazi, ila leo bila Pig Latin.